Ganzi ya Miguu na Neva Zisizongoja Amri

Mwezi wa Mei unapoingia katika mkoa wa Simiyu, na vitumba vya pamba vikiwa vimepasuka na kutoa weupe wake toka Dutwa hata Nkololo, na toka Lagangabilili hata Mwanhuzi, wanaume kwa wanawake huinama mashambani tangu umande unapokauka mpaka jua la utosi, wakichuma na kuinuka, wakiinuka na kuinama tena, kazi ambayo mwenye siha huiona ni ya kuchosha mgongo tu, ilhali kwa mtu mwingine, aliyekaa na kisukari miaka mingi, au aliyewahi kumeza dawa fulani kwa muda mrefu, au aliyepatwa na ukoma katika ujana wake, kila kuinuka ni mtihani ambao mwili wake hauna hakika ya kuushinda.

Mtu huyo akiinuka ghafla dunia humzunguka, macho humwingia kiza, masikio humvuma, na asipowahi kuketi huanguka. Walio karibu naye hawakosi sababu ya kutaja: jua, njaa, malaria, presha ya kushuka, uzee, na aghalabu husadifu, kwa kuwa Bariadi ni nchi ya jua kali, na malaria haijahama Kanda ya Ziwa. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa katika mazungumzo ya shambani wala, kwa bahati mbaya, katika vyumba vingi vya kliniki, nayo ni kwamba mishipa ya fahamu inayotawala mwendo wa moyo na upana wa mishipa ya damu imekufa polepole, sambamba na ile ya miguuni ambayo ganzi yake mgonjwa ameilalamikia kwa muda mrefu. Muradi wa makala haya ni mmoja: ganzi ya miguu isitazamwe peke yake, kwa maana aghalabu ina mwenzake aliyejificha, na kumtafuta mwenzake huyo hakuhitaji mashine ambayo zahanati ya Simiyu haina.

Simiyu ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, wengi wao Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe. Ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Nalitaja zao hili kwa sababu, kama tutakavyoona, limefungamana na neva tunazozungumzia kwa namna ambayo mkulima mwenyewe huenda hajapata kuidhania.

Neva za mwili ni za namna mbili kwa kadiri ya utiifu wake. Ziko zitiizo amri: mtu akitaka kuinua jembe mkono huinuka, akitaka kwenda mguu hutoka. Na ziko zisizongoja amri ya mtu wala kumwomba ruhusa, nazo ndizo ziongezazo mapigo ya moyo apandapo kilima, zitoazo jasho jua liwakapo, zisukumazo chakula tumboni, zibanazo na kulegeza kibofu, na zipanuazo mboni gizani na kuzifinya mwangani. Mtaalamu John Newport Langley wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyezitenga neva hizi za kujiendesha na kuzipa jina lake la kitaalamu mwaka 1898, na katika miaka iliyofuata ikabainika kwamba zina matawi mawili makuu yasiyokubaliana, moja la kuhimiza na moja la kutuliza, na kwamba siha ya mwili imo katika kutokubaliana huko.

Litazame lifanyikalo mtu asimamapo. Damu yapata nusu lita, na pengine zaidi, hushuka mara moja kwenda tumboni na miguuni. Vipimo vya asili vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na ile iliyo juu ya moyo huhisi kwamba shinikizo limepungua, hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na shina la ubongo huziamuru neva za kuhimiza zibane mishipa ya damu na kuongeza mwendo wa moyo. Yote hayo huisha kabla mtu hajamaliza kujinyoosha, naye hana habari. Neva zikiwa zimeharibika, habari hufika lakini jibu halirudi, na damu hubaki chini ilhali kichwa kiko juu.

Nimesema wakulima wa pamba wana fungamano na neva hizi. Baadhi ya dawa zilizotumika miaka mingi duniani kuwaua funza wa vitumba na wadudu wengine wa zao hilo ni za jamii ya oganofosfeti, na kazi yake, kwa mdudu na kwa mtu, ni kuziharibia neva mizani yake. Ili kulifahamu jambo hili yatupasa kwenda kidogo hadi mji wa Graz, Austria, ambako mwaka 1921 tabibu Otto Loewi aliichochea neva inayoutuliza moyo wa chura hata mapigo yakapungua, kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayamimina juu ya moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza mwendo bila ya neva yake kuguswa. Ikawa ithibati kwamba neva husema na moyo kwa njia ya kemikali, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wa Uingereza wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa maarifa hayo. Kemikali hiyo, ikisha kutoa ujumbe wake, sharti ivunjwe mara moja, na oganofosfeti huzuia kuvunjwa huko. Ndipo mpulizaji aliyebeba bomba mgongoni bila ya glavu wala barakoa, upepo ukimrudishia ukungu wa dawa usoni, huanza kutokwa na mate, machozi, kamasi na jasho kwa pamoja, mboni zikafinyika, tumbo likamkata, kifua kikajaa makohozi, na moyo ukapunguza mwendo. Hospitalini huchomwa atropini, ambayo huizibia asetilikolini mlango. Na baadhi ya sumu za jamii hii zina kisasi cha baadaye, kwa kuwa wiki mbili au tatu baada ya mtu kudhaniwa amepona, miguu yake huanza kufa ganzi na kulegea. Huko Meknes, Moroko, mwaka 1959, watu wapatao 10,000 walilemaa kwa kula mafuta ya kupikia yaliyoghushiwa kwa mafuta ya injini za ndege, yaliyokuwa na kemikali ya jamii hiyo hiyo.

Hiyo ni ajali, nayo huonekana. Ganzi ya kila siku haina kishindo namna hiyo. Huanza vidoleni mwa miguu, miguu yote miwili sawia, kwa kuchomachoma na kuwaka moto, hususa usiku, hata mgonjwa akashindwa kuvumilia uzito wa shuka. Kisha hupanda kidogo kidogo kama mtu avaaye soksi, na ifikapo magotini vidole vya mikono navyo huanza. Mpango huo una sababu yake. Neva ndefu ndizo zipatazo taabu mwanzo, maana kiini cha uhai wake kiko karibu na uti wa mgongo na ncha yake iko mbali, kwenye kidole gumba, na kila inachohitaji ncha hiyo hakina budi kusafirishwa safari yote. Na miongoni mwa nyuzi zilizomo ndani ya neva, zile nyembamba zisizo na ala ya mafuta ndizo zibebazo hisia ya moto na ya maumivu, na za umbo hilo hilo ndizo ziendazo kwenye tezi za jasho, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye matumbo. Aliyepotewa na hisia ya moto unyayoni, basi, yamkini amepotewa na jasho la unyayo pia, na hilo la pili huwa halimshughulishi mtu.

Katika vijiji vingi mguu uwakao moto bila ya jeraha husemwa kwamba mwenyewe amekanyaga kitu alichotegewa, na tiba yake ni chale. Sioni fahari ya kuwacheka wasemao hivyo, kwa kuwa aghalabu hospitali haikuwapa maelezo mengine yoyote. Ila naona hatari ya wembe, na ya maji ya moto yenye chumvi, na ya kuota miguu motoni usiku wa baridi, kwa mtu ambaye ngozi yake haiwezi kumwambia kwamba imeungua.

Visababishi ni vingi, na kadhaa vyao viko katika maisha ya watu wa Simiyu. Ulevi wa gongo wa miaka mingi ni kimojawapo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ni kingine, isipoandamana na vitamini B6. Metformini, kidonge cha kisukari chenye fadhila nyingi, ikinywewa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya ukimwi mwaka 2004, miongoni mwake ilikuwamo stavudini, iliyookoa roho za watu wasiohesabika na papo hapo ikawaachia wengi wao miguu iwakayo, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwishoni mwa mwaka 2009 kwamba iachwe. Na walioinywa zama zile wangali hai, wengine wangali wakilalamika miguu, na virusi vyenyewe navyo huzidhuru neva. Ama wale wanaoshuku udaga wa muhogo, yafaa watofautishiwe. Maradhi ya konzo yaliyochunguzwa huko Tarime baada ya ukame wa miaka ya 1980, watu walipokula muhogo mchungu usioandaliwa kwa wasaa wa kutosha, hukakamaza miguu kwa kuharibu njia za amri zitokazo ubongoni, wala hayahusiani na ganzi hii.

Maradhi yaliyowafundisha matabibu habari ya jasho ni ukoma. Kijidudu chake, alichokitambua Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda kukaa ndani ya neva za sehemu zenye ubaridi wa mwili, na hapo baka la ukoma huwa na alama tatu ambazo mhudumu mzoefu huzitafuta pamoja: halihisi, halina vinyweleo, na halitoi jasho. Mtu akiwekwa juani, mwili wote hung'aa kwa maji isipokuwa pale. Zamani matabibu walichoma dawa ya kuamsha jasho pembeni mwa baka, wakapaka iodini na kunyunyiza wanga, maana jasho likichanganyika na viwili hivyo hugeuka rangi ya buluu iliyokolea, na pasipotoka jasho rangi haibadiliki. Hila hii ya iodini na wanga ilielezwa na mtaalamu Victor Minor wa Moscow katika miaka ya 1920, nayo ni rahisi kiasi kwamba wanga wa muhogo au wa mahindi hautashindwa. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ukoma ukashuka, kwa hesabu ya nchi nzima, chini ya mgonjwa 1 katika watu 10,000. Lakini dawa huua kijidudu, haifufui neva zilizokufa, na wazee waliopona ukoma wangali wakitembea kwa nyayo kavu zipasukazo. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, ndiye aliyewatoa watu katika dhana ya kwamba viungo vya mkoma huoza vyenyewe, akabainisha kwamba huharibiwa na majeraha yasiyohisiwa. Na ngozi isiyo na jasho, ikaushwayo na jua na kupasuka kisiginoni, ndiyo mlango wa kwanza wa jeraha. Ndiyo sababu mkoma aliyepona hufunzwa kuloweka miguu yake na kuipaka mafuta ingali na unyevu. Mwenye kisukari naye mafuta ni haki yake, ila si katikati ya vidole, na asiloweke muda mrefu.

Na sasa kisukari, ambacho ndicho kisababishi kikuu cha ganzi duniani leo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao wa vijiji vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika watu wazima 100. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta kiasi cha 9 katika 100 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa vya namna moja, na wa kwanza ulihusu vijiji tu, kwa hiyo insafu hairuhusu kutoa tarakimu moja katika nyingine. Hata hivyo hakuna mhudumu wa Bariadi atakayeshangaa kuambiwa kwamba maradhi yaliyokuwa ya watu wa mjini yamefika shambani. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameshughulikia miguu ya wenye kisukari, na ambaye tangu mwaka 2004 alishiriki kuwafunza madaktari na wauguzi wa mikoani kazi hiyo, aliandika pamoja na wenzake mwaka 2005 habari za wagonjwa walioletwa na vidonda vilivyotokana na panya waliowatafuna miguu usingizini. Wahenga walisema panya huuma akavuvia, ili aumwaye asishtuke. Kwa mguu wa ganzi panya hana haja ya kuvuvia.

Lakini kidonda cha mguu huonekana, na kwa hiyo kina watetezi. Neva za ndani zinazokufa pamoja na za mguu hazina kidonda. Moyo wake mgonjwa huenda mbio hata akiwa amelala, mapigo 90 au 100, kwa kuwa tawi la kutuliza ndilo linalotangulia kuharibika. Tumbo lake hukaa na ugali wa jana, akashiba kwa tonge mbili na kutapika, na sindano ya insulini ikafanya kazi kabla chakula hakijafika kwenye utumbo. Usiku akaharisha, mchana akafunga choo. Kibofu kikajaa bila ya kumpa habari. Juu ya mwili akatoka jasho jingi, hususa alapo, ilhali miguu i mikavu, kwa kuwa sehemu iliyobaki hulipa deni la ile iliyokufa. Wanaume hupungukiwa na nguvu za kiume, na hapo naomba ruhusa ya kusema bila ya haya kwamba fedha zinazotumika kununua mizizi na unga wa nguvu hizo katika minada na stendi zetu zingetosha kuwapimia sukari wanunuzi wote, na wengi wao wangeondoka na jibu la haki zaidi. La kuogofya kuliko yote ni mawili: sukari inaposhuka mno, yule mgonjwa hatetemeki wala hatoki jasho wala moyo haumwendi mbio, hata akazimia bila ya ishara, na moyo unapokosa damu huenda asihisi maumivu ya kifua, akaona uchovu tu na pumzi fupi, akalala.

Si ajabu basi kwamba waliofuatilia wagonjwa hawa waliona vifo. Huko Edinburgh, David Ewing na Basil Clarke waliandika mwaka 1980 kwamba kati ya wagonjwa wa kisukari ambao neva hizi zilipimwa zikaonekana zimeharibika, zaidi ya nusu walifariki katika miaka mitano, kiasi cha nusu yao kwa maradhi ya figo. Tafiti za baadaye hazikukuta idadi kubwa kiasi hicho, kwa kuwa tiba imesogea na wagonjwa hutambuliwa mapema, lakini zote zimekubaliana kwamba uharibifu huu ni dalili ya hatari. Wawili hao ndio waliokusanya vile vipimo vitano ambavyo ulimwengu unavitumia hata leo, na ninaposoma habari zake najiuliza ni kwa nini havifanywi kila wilaya.

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Moyo wenye siha si ule uendao sawasawa kama saa. Mtu avutapo pumzi huongeza mwendo, aitoapo hupunguza, na kutofautiana huko ndiko uhai wa neva. Mgonjwa huambiwa apumue polepole, pumzi sita kwa dakika, na tofauti kati ya mapigo ya juu na ya chini ikiwa 15 au zaidi neva ni nzima, ikiwa 10 au chini ya hapo zimeharibika, ingawa kwa wazee hesabu hiyo hulegezwa. Cha pili ni mwendo wa moyo mara mtu asimamapo, cha tatu ni kupuliza kwenye mrija kwa nguvu sekunde 15, na vyote vitatu hutaka mashine ya kuandika mapigo, ambayo hospitali za wilaya kadhaa zinayo na zahanati hazina. Cha nne ni kukamata na kubana kwa kiganja huku presha ikipimwa. Cha tano hakitaki kitu ila kipimo cha presha, kitanda na subira: mgonjwa alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe dakika ya kwanza na ya tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, jambo limepatikana.

Na hapa kuna hikima ambayo ina thamani ya pekee katika nchi ya jua kama Bariadi. Aliyekaukiwa na maji kwa kuchuma pamba mchana kutwa naye presha yake hushuka asimamapo, lakini moyo wake hukimbia kufidia, kwa kuwa neva zake ni nzima. Yule ambaye neva zimekufa, presha hushuka na moyo hauna habari: presha ya juu imeshuka kwa 20, na mapigo hayakuongezeka hata kwa 10. Huyu wa kwanza mpe maji. Wa pili ana maradhi. Muuguzi mwenye saa ya mkononi na vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono aweza kuwatenga wawili hao kwa dakika kumi, na asiyefanya hivyo huwapa wote wawili vidonge vya malaria.

Mazoea ya kliniki nyingi ni kumpima mgonjwa presha ameketi, mara moja, na kumwandikia dawa kwa hesabu hiyo. Kwa wengi yatosha. Kwa mwenye neva zilizoharibika mazoea hayo yaweza kuwa dhuluma, maana presha yake hupanda alalapo na kushuka asimamapo, na kidonge alichopewa kwa ajili ya ile ya kupanda humwangusha asubuhi aendapo msalani. Liko na la pili, nalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Dawa inayotolewa aghalabu kwa miguu iwakayo ni amitriptilini, ya bei nafuu na yenye kufaa, nayo humpa mgonjwa usingizi aliokuwa ameukosa. Lakini dawa hiyo hiyo hushusha presha ya kusimama, hukausha mate, hufunga choo na hukizuia kibofu, yaani huzidisha karibu kila udhaifu ambao neva zilizokufa zimeuleta. Sisemi isitolewe. Nasema mwenye kuitoa amsimamishe mgonjwa kwanza, ampime, na aanze kwa kipimo kidogo usiku.

Tiba ya kuanguka kwenyewe haina fahari. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa tofali moja chini ya kila mguu. Mtu asitoke kitandani kwa pupa, aketi ukingoni kwanza, achezeshe miguu, ndipo asimame. Anywe maji nusu lita kwa mara moja kabla ya kwenda shambani, kwani kwa watu hawa huinua presha kwa muda wa saa moja hivi. Ale kidogo kidogo, maana tonge kubwa la mchana huvuta damu tumboni na kumwangusha njiani. Na akihisi kiza kinamjia abane mapaja au achuchumae. Asiye na presha ya kupanda wala maradhi ya moyo au figo huweza kuruhusiwa chumvi zaidi, kwa shauri la tabibu. Dawa za kuinua presha zipo ulimwenguni, ila kuzipata mbali na hospitali kubwa ni shida, na mgonjwa wa Simiyu atakayezihitaji hana budi kwenda Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando.

Ama kuzihifadhi neva zisife, ushahidi uko wa namna mbili. Kwa wenye kisukari cha kutegemea insulini tangu ujana, uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, uliohusisha wagonjwa 1,441, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa bidii hupunguza uharibifu wa neva za kujiendesha kwa zaidi ya nusu. Kwa wenye kisukari cha ukubwani, sukari peke yake haikutoa faida kama hiyo; lakini uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003, ambamo sukari, presha, mafuta ya damu na mwenendo wa maisha vilishughulikiwa kwa pamoja kwa miaka kama minane, ulikuta uharibifu huo umepungua kwa kiasi cha theluthi mbili. Wagonjwa wake walikuwa 160 tu, na walikuwa na kila kitu ambacho mgonjwa wa Lalago au Lamadi hana.

Kilichopo Lalago na Lamadi ni daftari. Wagonjwa wetu wengi huja kliniki na daftari la shule, ambamo tarehe, uzito, sukari na presha huandikwa mstari kwa mstari, na daftari hilo husafiri nao mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa na mpaka Bugando. Katika mstari huo presha imeandikwa mara moja. Iandikwe mara mbili, ya kulala na ya kusimama, na mapigo ya moyo pembeni yake, walau mara moja kwa mwaka kwa kila mwenye kulalamika ganzi. Na atakayefungua daftari hilo Mwanza, kabla hajaongeza kidonge cha presha au cha kutuliza miguu, atakuwa na tarakimu mbili za kutazama pale alipokuwa na moja.